Mchoro Unapopanda Mwanda

Mwezi Mei mwaka 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa akivuka nyika ya Taita, akitoka Rabai kwenda Uchagani. Kiongozi wa msafara wake alikuwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za bara, na wapagazi wao hawakuzidi tisa. Asubuhi ya tarehe 11 Rebmann akaona mlima mrefu mbele yake, kilele chake cheupe. Akamuuliza kiongozi wake ule weupe ni nini. Akajibiwa kwa neno moja: baridi. Rebmann akaelewa kwamba anaangalia theluji.

Taarifa yake ilichapishwa London mwaka 1849, na mabishano yakaanza. William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, akashikilia neno lake kwa miaka mingi. Rebmann hakuwa na picha wala kipande cha mlima cha kuwaonyesha. Alikuwa na maneno tu, na maneno hayakutosha kulibeba umbo la Kilimanjaro mpaka Ulaya.

Huku Mwanda, katika milima ya Taita, asubuhi isiyo na ukungu, mlima ule huonekana upande wa magharibi bila mtu kuutafuta. Nimekua nikiuona. Ndiyo maana kisa cha Rebmann hunigusa kwa namna ambayo pengine hakimgusi msomaji wa mji mwingine. Aliona alichoona, akasema kweli, akaitwa mzushi, kwa sababu tu umbo halikuwa na njia ya kusafiri. Historia ninayotaka kuisimulia hapa ni ya jinsi njia hiyo ilivyopatikana, na jinsi ilivyofika mikononi mwa watu kama sisi.

Anayetaka kuielewa printa ya 3D, yaani mashine inayochapa vitu vyenye urefu, upana na kimo, angeanza kwa kuutazama mlima wetu. Ukitoka Wundanyi, ukapita Werugha na Mgange, ukakaribia Mwanda, unauona mteremko wote umekatwa matuta. Kila tuta linafuata kimo kimoja, likizunguka mlima na kuingia kila bonde bila kupanda wala kushuka. Juu yake kuna tuta jingine, jembamba kidogo, lenye umbo lake. Ukiyachora matuta yote hayo kila moja kwenye karatasi yake, kisha ukazipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine kwa mpangilio uleule, utakuwa umeujenga mlima upya. Mashine ya 3D haijui kazi nyingine zaidi ya hiyo.

Wala wazo hilo si la jana. Mwaka 1892, nchini Marekani, Joseph Blanther alipewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi kuzuia wengine wasitumie ubunifu wake, kwa njia ya kutengeneza ramani zenye milima na mabonde halisi. Alichukua bamba za nta, akachora juu ya kila bamba mstari wa kimo kimoja, akakata kwa kufuata mstari, kisha akazirundika bamba na kulainisha ngazi zilizojitokeza. Mwaka 2006, kule Nessuit katika msitu wa Mau, Waogiek walifanya kazi ya namna hiyohiyo kwa mikono yao. Walikata makadi kwa kufuata mistari ya kimo, wakayagundisha tabaka kwa tabaka mpaka ardhi ya mababu zao ikasimama mezani, kisha wazee wakaonyesha kwa vidole mito, mizinga na mipaka ya koo ilivyokuwa. Milima yetu nayo imepimwa. Mwaka 2013, ndege ilipita juu ya Taita ikirusha miali ya leza ardhini kwa ajili ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wana kituo chao Wundanyi. Kila mwali uliporudi ulieleza umbali. Mamilioni ya vipimo hivyo, yakiunganishwa, yanatoa umbo la mlima na miti iliyo juu yake. Kama Rebmann angekuwa na kitu cha namna hiyo mkononi, Cooley asingepata la kusema.

Kutoka ramani ya nta hadi mashine inayojenga yenyewe ilichukua karibu miaka 90, na mwanzo wake haukuwa na heshima kubwa. Mwaka 1980, Hideo Kodama, mtafiti katika taasisi ya viwanda ya mji wa Nagoya, Japani, alieleza jinsi ya kugandisha utomvu wa plastiki kwa mwanga, tabaka moja baada ya jingine. Aliomba hataza, lakini hakukamilisha hatua zilizotakiwa ndani ya muda, na haki ikampita. Ufaransa, watu watatu, Alain Le Méhauté, Olivier de Witte na Jean-Claude André, waliwasilisha ombi lao tarehe 16 Julai 1984. Kampuni iliyohusika haikuona biashara ndani yake, ikaliacha ombi life. Wiki tatu tu baadaye, tarehe 8 Agosti, Mmarekani Charles Hull akawasilisha lake.

Hull alikuwa mhandisi katika kampuni ya California iliyotumia taa za urujuanimno kukausha rangi ngumu za juu ya meza. Aliwaza: kama mwanga unaweza kugandisha utando mmoja mwembamba, kwa nini usigandishe tando elfu, moja juu ya mwenzake? Aliruhusiwa kufanya majaribio yake jioni na mwisho wa wiki. Usiku wa tarehe 9 Machi 1983 alifanikiwa kutoa kitu chake cha kwanza, kikombe kidogo cha kuoshea macho, akampigia mkewe simu aje maabara akione. Hataza yake ilitoka mwaka 1986, na mwaka huohuo akaanzisha kampuni ya 3D Systems. Kutoka kwake pia tulipata muundo wa faili uitwao STL, ambao hadi leo hubeba maumbo kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kikombe kile kilikuwa ushahidi. Faili ndiyo iliyokuwa mapinduzi, maana kwayo umbo lilipata kutumwa kama barua.

Miaka hiyohiyo, katika Chuo Kikuu cha Texas, Carl Deckard alikuwa akiyeyusha unga kwa leza ili chembe zishikane. Njia hiyo ndiyo iliyozaa uchapaji wa nailoni na baadaye wa chuma. Lakini njia iliyokuja kufika Afrika kwa wingi ilianzia jikoni kwa baba mmoja. Mwaka 1988 Scott Crump alitaka kumtengenezea binti yake chura wa kuchezea. Akajaza mchanganyiko wa plastiki na nta ya mshumaa katika bastola ya gundi ya moto, akamjenga chura huyo mstari kwa mstari. Baadaye aliifunga ile bastola kwenye mkono wa mashine, akaanzisha kampuni ya Stratasys pamoja na mkewe, na hataza yake ikatolewa mwaka 1992.

Nitaieleza kazi yenyewe kama nilivyoiona kwa macho yangu, katika karakana moja ya Nairobi, kwa sababu maelezo ya vitabuni hayanitoshi. Mashine ilikuwa fremu ya vyuma yenye ukubwa wa kabati dogo la vyombo. Juu yake palikuwa na gurudumu la uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 1.75, umezungushwa kama kamba ya katani. Uzi ule uliitwa PLA, plastiki inayotengenezwa kwa wanga wa mahindi au sukari ya miwa. Fundi alikuwa ameshachora kwenye kompyuta kofia ya mdomo wa pampu ya kunyunyizia dawa, ile ya kubeba mgongoni. Programu ikaukata mchoro huo matabaka 200, kila tabaka milimita 0.2, na ikaandika safari ambayo mdomo wa mashine ungeifuata katika kila tabaka.

Kwanza pakawa kimya, mashine ikipasha moto. Mdomo ulihitaji nyuzi joto kama 200, na sahani ya chini kama 60 ili kitu kishike kisiteleze. Kisha uzi ukaanza kusukumwa ndani, ukayeyuka, ukatoka kupitia tundu la milimita 0.4 ukiwa mwembamba sana. Mdomo ukachora duara, ukalijaza kwa mistari, ukapanda kimo cha karatasi mbili, ukachora tena. Harufu ilikuwa tamu kidogo, kama sukari inayoanza kuungua. Kwa dakika kumi za mwanzo huoni kitu cha maana. Baada ya nusu saa unaona ukingo. Ndani ya kuta fundi hakujaza plastiki yote. Aliamuru mashine isuke vyumba vidogovidogo kama sega la nyuki, kitu kiwe chepesi na kiwe na nguvu. Ilipomalizika, akakibandua kwa kisu chembamba, akanipa. Kilikuwa bado na uvuguvugu. Nilipopitisha ukucha ubavuni mwake nilihisi matuta, mamia ya matuta madogo, na nikakumbuka nyumbani.

Nilichagua kofia ya pampu kwa makusudi. Wakulima wa milima yetu hulima kabichi, nyanya na mboga za kupeleka sokoni, na pampu ni chombo cha kila wiki. Kikivunjika kipande cha thamani ndogo, pampu nzima inawekwa pembeni, kwa sababu dukani wanauza pampu, hawauzi kipande. Ukiwa Mwanda, kushuka hadi Wundanyi, Mwatate, pengine Voi, kutafuta kitu cha ukubwa wa kifuniko cha chupa, kunakula siku na nauli. Hali hiyo ina umri mrefu. Reli ilipopita Voi mwishoni mwa miaka ya 1890, vyuma vyake vilikuja kwa meli kutoka ng'ambo, na hata tawi la reli lililojengwa mwaka 1915 kutoka Voi kuelekea Maktau kwa ajili ya vita lilitegemea bandari. Tangu hapo vifaa vyetu vimekuwa vya kupanda kutoka pwani, na anayekaa juu kabisa mlimani ndiye anayengoja kwa muda mrefu kuliko wote. Mashine niliyoiona inabadilisha safari hiyo. Kinachopanda mlima ni mchoro, nao hupitia hewani.

Lakini kwa miaka 20 hivi ahadi hiyo haikutuhusu. Mashine zilikuwa za viwanda vikubwa na maabara tajiri, na hataza zilizuia wengine wasizitengeneze. Lililofungua mlango ni kalenda: mwaka 2009 hataza ya Crump ilifika mwisho. Muda si mrefu kabla ya hapo, Adrian Bowyer, mhandisi katika Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alikuwa ameanzisha mradi wa RepRap, wa mashine inayoweza kuchapa sehemu kubwa ya vipande vya mashine mwenzake. Michoro yake aliitoa bure. Tarehe 29 Mei 2008 mashine ya kwanza iliyozaliwa na nyingine ilikamilika, ikaanza nayo kuchapa. Namheshimu sana Bowyer kwa uamuzi ule. Angeweza kujenga ukuta kuzunguka kazi yake, naye akachagua kuigawa. Kila karakana ya Afrika Mashariki yenye mashine ya uzi wa plastiki imekula matunda ya uamuzi huo.

Katika Chuo Kikuu cha Nairobi palikuwa na FabLab, karakana iliyofuata mfano ulioanzia chuo cha MIT, ambapo mwanafunzi aliweza kushika mashine mwenyewe. Hapo ndipo alipopitia Roy Ombatti, mwanafunzi wa uhandisi. Mwaka 2012 alifika fainali za shindano la 3D4D London, akiwa na wazo la viatu vya kuchapwa kwa ajili ya watu ambao miguu yao imeharibiwa na funza. Yeyote aliyekulia kijijini anajua maana yake. Mguu ulioliwa na funza hauna umbo la kiatu chochote cha dukani. Kiatu cha kiwandani hutengenezwa kwa wastani wa miguu elfu nyingi, na mgonjwa huyu ametoka nje ya wastani. Mashine ya 3D haina wastani. Kwake jozi ya kwanza na jozi ya elfu ni kazi ileile, na kila moja inaweza kufuata mguu wake. Sijapata mfano mwingine unaoeleza thamani ya teknolojia hii kwa uwazi kuliko huo.

Ombatti alikuja kuanzisha AB3D, kampuni ya Nairobi iliyojenga mashine hizi hapahapa, ikitumia pia vipande vya takataka za elektroniki. Mota iliyokuwa ikisukuma karatasi ndani ya printa mbovu ya ofisini huzunguka kwa hatua ndogo sana, zenye kuhesabika, na hatua hizo ndizo mashine ya 3D inazozihitaji. Lomé, Togo, Kodjo Afate Gnikou alifanya jambo la namna hiyo mwaka 2013, akavuta macho ya dunia. Dar es Salaam, vijana waliopitia kituo cha ubunifu cha Buni Hub, kilicho chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, nao walijenga yao kwa takataka. Sioni hili kama jambo la kuonea huruma. Fundi aliyeijenga mashine yake mwenyewe anaweza kuitengeneza inapoharibika, na huko Voi au Wundanyi hilo ni jambo la kwanza la kuuliza kuhusu chombo chochote kigeni.

Hospitali nazo zilionyesha faida mapema. Kisubi, kwenye barabara ya Kampala kwenda Entebbe, hospitali ya CoRSU ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto na shirika la CBM kujaribu kuchapa soketi za miguu bandia, yaani ile sehemu inayokumbatia kigutu. Kwa njia ya zamani, fundi hufunga kigutu kwa plasta, akatoa umbo, akamimina jingine, akalichonga na kulirekebisha, kazi ya siku kadhaa. Mtoto anapokua, kazi huanza upya. Kwa njia mpya kigutu hupigwa skani kwa dakika chache, fundi hurekebisha umbo kwenye kompyuta, na mashine huchapa kwa saa kadhaa huku yeye akimhudumia mgonjwa mwingine. Utaalamu wa fundi haukuondolewa. Uliongezewa muda. Kwa upande wa Kenya, mradi wa Kijenzi, uliotokana na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani, ulijishughulisha na vipuri vya vifaa vya hospitali, na jina lake la Kiswahili linasema lote: kijenzi ni kipande kinachokamilisha kitu.

Kisha ikaja korona. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Siku hizohizo hospitali ya Chiari, kaskazini mwa Italia, iliishiwa vali za mashine za kupumulia, na mtengenezaji hakuweza kuzileta kwa wakati. Cristian Fracassi na wenzake wa kampuni ya Isinnova wakaipima vali, wakaichora, wakachapa takriban 100. Ndege zilikuwa zimesimama, meli zimechelewa, mipaka imefungwa. Nairobi, wenye mashine, wakiwemo Ultra Red Technologies, walianza kuchapa ngao za uso za wahudumu wa afya. Kwa wiki chache dunia nzima ilikuwa imekaa pale tunapokaa sisi siku zote: mwisho wa barabara, ikingoja kipuri.

Matumizi mengine nitayapitia haraka. Kilifi, katika ukanda wetu wa Pwani, kampuni ya 14Trees ilijenga mtaa wa Mvule Gardens, uliopangwa kuwa na nyumba 52, kwa mashine kubwa inayomwaga zege badala ya plastiki. Kuta zake unaziona zina mistari ya tabaka kama chungu kilichosukwa kwa kamba za udongo. Kabla ya hapo, mwaka 2021, kampuni hiyo ilikabidhi shule huko Salima, Malawi, ambayo kuta zake zilichapwa kwa saa 18. Msingi, paa, milango na madirisha bado ni kazi ya mafundi, na anayeambiwa nyumba nzima ilichapwa kwa siku moja ameambiwa kuta tu.

Mipaka ya teknolojia hii isifichwe. Kitu kilichochapwa kwa tabaka huwa dhaifu pale tabaka zinapokutana. Ukikivuta kwa upande huo kinaweza kuachana. PLA huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, kwa hiyo kifaa kitakachodumu vizuri katika baridi ya Mwanda kitapinda kikiachwa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani Voi. Kitu cha ukubwa wa ngumi huchukua saa kadhaa, na stima ikikatika katikati, mara nyingi kazi yote hupotea. Anayehitaji vikombe elfu kumi vinavyofanana na aende kiwandani. Mashine hii ni ya kitu kimoja, cha mtu mmoja, mahali pamoja.

Hadi hapa nimesimulia yanayopanda mlima. Yapo yaliyoshuka, na haya ndiyo yaliyonifanya niandike.

Mwaka 1898, kwenye ujenzi wa daraja la mto Tsavo, simba wawili waliwaua wafanyakazi wa reli. John Henry Patterson aliwapiga risasi mwezi Desemba, akawageuza mazulia ya nyumbani kwake, na mwaka 1924 akaziuza ngozi na mafuvu kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000. Wako huko hadi leo. Vito vyetu vya kijani, vilivyopewa jina la tsavorite mwaka 1974 kutokana na Tsavo, vimeendelea kuondoka vikiwa mawe, wakati pete inayovishika mara nyingi huchorwa kwenye kompyuta na kuchapwa kwa nta huko ng'ambo kabla ya kumiminiwa dhahabu. Kazi hiyo ya kuchapa nta ingeweza kufundishwa hapahapa Voi, mahali penye kituo cha kuongeza thamani ya vito.

Na yapo mafuvu. Desturi ya Wataita, kabla ya misheni kuenea, ilikuwa kumfukua mzee baada ya muda kaburini na kuliweka fuvu lake pamoja na ya wenzake penye mwamba, mahali paitwapo ngomenyi. Pale ukoo ulikwenda kuongea na waliotangulia, kuomba mvua na afya. Wakati wa ukoloni mafuvu mengi ya Wataita yalichukuliwa na kupelekwa Uingereza. Mwaka 1931 utafiti juu yake ulichapishwa katika jarida la Biometrika, ukiwa na vipimo kwa milimita. Baadaye William Howells, mwanaanthropolojia wa Marekani, alipima 83 miongoni mwake katika mkusanyiko wa Duckworth wa Chuo Kikuu cha Cambridge, 33 ya wanaume na 50 ya wanawake, akayaingiza katika kitabu chake cha mwaka 1973. Kwa jina la "Teita", vipimo hivyo vimekuwa miongoni mwa vigezo ambavyo wataalamu wa mifupa duniani hulinganisha navyo mafuvu mengine, na mtu yeyote anaweza kuvipata bure kwenye intaneti.

Yaani umbo la wazee wetu limesafiri dunia nzima, na mifupa yao nayo imebaki huko. Zamani jumba la makumbusho liliweza kusema: tukiyarudisha, elimu itapotea. Jibu hilo limekwisha nguvu. Skani nzuri hulihifadhi umbo la fuvu kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita, na mashine huweza kulichapa mara nyingi itakiwavyo. Hapa Kenya tumeshaona njia hiyo ikitumika. Kwa kazi ya mtafiti wa masalia ya kale Louise Leakey na wenzake, maumbo ya mafuvu ya kale ya Turkana yamewekwa wazi ili shule yoyote iyachape, na masalia yenyewe yanabaki kwenye hifadhi nchini. Marekani, makumbusho ya Smithsonian yaliwarudishia Watlingit wa Alaska kofia takatifu ya ukoo mwaka 2005. Baadaye, kwa ridhaa ya ukoo huo, ikapigwa skani, na mwaka 2012 nakala yake ikachongwa na mashine inayoongozwa na mchoro wa kompyuta. Nakala ndiyo iliyobaki kwa makumbusho. Jirani zetu Wamijikenda nao walirudishiwa vigango viwili, yaani nguzo za ukumbusho wa waliofariki, mwaka 2007, ambavyo viliibwa na kuuzwa ng'ambo, hata bila msaada wa mashine yoyote.

Ridhaa ndiyo inayotangulia. Wapo wazee ambao hawatataka hata nakala ya fuvu ishikwe na wageni, na neno lao litakuwa la mwisho, kwa sababu fuvu la babu si kofia ya pampu. Lakini kwanza waulizwe.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Serikali ya kaunti ya Taita Taveta iweke mashine hizi katika vyuo vya ufundi, huku milimani pia na si Voi peke yake, pamoja na fundi anayejua kuzifungua na kuzitengeneza, ili kipuri cha mkulima wa Mwanda kichapwe Mwanda. Na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa kushirikiana na wazee wa koo za Taita, yaandike barua kwa Cambridge kuulizia mafuvu yale 83 na mengine yaliyo pamoja nayo. Wao wabaki na mchoro, kama koo zitakubali. Mifupa irudi ngomenyi.